Nyabibuye Ina Mafundi, Haina Meza ya Pamoja

Karibu kila nyumba ya Nyabibuye ina kitu kinachomsubiri fundi. Chini ya kitanda kuna redio iliyonyamaza, nyuma ya mlango kuna bomba la kupulizia dawa lililochakaa mpira, juu ya bati kuna paneli ya sola iliyobaki mjane baada ya betri yake kufa. Mara nyingi ubovu wenyewe ni mdogo: waya uliokatika ndani ya plagi, springi iliyolegea, fyuzi ya bei ya kibiriti. Kinachoumiza ni safari. Kama fundi mwenye mita ya kupimia umeme yuko mjini Kakonko au Kibondo, nauli ya kupeleka redio na nauli ya kuifuata huweza kuzidi bei ya redio yenyewe. Basi redio inarudishwa chini ya kitanda.

Nyabibuye ni kata ya wilaya ya Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, katika nyanda za juu za Kigoma zinazopakana na Burundi. Ni nchi ya mihogo, mahindi, maharage, migomba na asali. Kwa miaka mingi miji ya Kibondo na Kasulu iliwashwa na jenereta za dizeli za shirika la umeme, TANESCO, hadi gridi ya Taifa ilipoingia ukanda huu kutokea Nyakanazi mwaka 2022. Barabara ya lami kutoka Kidahwe kupitia Kasulu, Kibondo na Kakonko hadi Nyakanazi nayo imejengwa kipande kwa kipande. Umeme na lami huja na vifaa: friji, grenda, mashine ya kuchomelea, simu janja. Na vifaa vikiongezeka, vibovu navyo vinaongezeka.

Mafundi wa kuvitengeneza wapo. Kuna fundi baiskeli chini ya mwembe, seremala, mhunzi, mama mwenye cherehani, kijana wa simu mwenye bisibisi ndogo na pasi ya kulehemu. Lakini kila mmoja yuko kwake, na sanduku lake la zana, na ujuzi wake kichwani. Fundi baiskeli anahitaji kipande kilichochomelewa. Fundi wa kuchomelea anahitaji mtu wa kumrekebishia waya wa mashine yake. Kijana wa simu anatamani mwenzake mmoja tu wa kumuuliza. Nyabibuye haina mahali ambapo watu hawa wanakaa meza moja.

Kwingineko duniani mahali pa namna hiyo pana historia ndefu kidogo, na sehemu kubwa ya historia hiyo inahusu namna watu wanavyoishi pamoja kuliko inavyohusu mitambo.

Kutoka reli ya kuchezea hadi Berlin

Mwaka 1946, wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, walianzisha klabu ya treni za mfano. Juu ya meza kulikuwa na reli na vituo vidogo vya kupendeza. Chini ya meza kulikuwa na msitu wa nyaya na swichi za simu zilizotumika. Vijana waliopenda kazi ya chini ya meza ndio walioivamia kompyuta ya TX-0 ilipofika chuoni mwaka 1958, wakiitumia usiku wenye mamlaka wamelala. Walijiwekea desturi: mwenye kuweza kukiboresha kitu akiguse, na akishagundua jambo awaonyeshe wenzake.

Desturi hiyo ilipata nyumba zake Ulaya. c-base ilifunguliwa Berlin mwaka 1995, Metalab ikafuata Vienna mwaka 2006. Karakana za namna hii huitwa hakaspesi: jengo la kukodi, linaloendeshwa na wanachama wenyewe, lenye zana za pamoja, ambako mtu mmoja anachonga mbao, wa pili anaandika programu na wa tatu anashona. Licha ya neno haka kwenye jina, wizi wa mitandaoni haumo. Mwaka 2007 kundi la Wamarekani lilikwenda Ujerumani kwenye kambi ya wapenzi wa teknolojia, likavutiwa, likarudi kwao na kuanzisha karakana kama Noisebridge ya San Francisco na NYC Resistor ya New York.

Mwisho wa mwaka huohuo, Wajerumani wawili, Jens Ohlig na Lars Weiler, walisimama mbele ya mkutano mjini Berlin wakaeleza waliyojifunza kwa kuanzisha karakana hizo. Aliyetarajia orodha ya mashine za kununua aliambulia mambo ya nyumbani. Wekeni jiko, walisema, maana watu wanaokula pamoja hufanya kazi pamoja. Leteni kwanza umeme, meza na viti, miradi itakuja yenyewe. Tozeni ada kila mwezi ili kodi isitegemee huruma ya mtu mmoja. Msiruhusu mtu kuhamia na godoro, kwa sababu akishalala humo, karakana ya wote imegeuka chumba chake. Kutaneni kila wiki, mzungumze kero zilizopo. Na siku gani? Kila siku mtu fulani ana udhuru, kwa hiyo acheni kubishana, iwe Jumanne.

Ushauri huo wa Jumanne huwachekesha watu, lakini aliyewahi kukaa kikao cha kupanga siku ya kikao anajua thamani yake. Karakana ya pamoja hufa kwa mambo madogo. Tupa imekopwa na haijarudi. Mwenye ufunguo amekwenda msibani. Umeme wa LUKU umeisha na aliyenunua mara ya mwisho anaona zamu si yake. Mtu mmoja anafagia kila siku, hadi siku anapochoka na kuacha kuja.

Fundi baiskeli wa Arusha

Mfano wa hapa nyumbani unaofaa kutazamwa uko Arusha. Bernard Kiwia alikuwa fundi baiskeli. Mwaka 2008 alishiriki mkutano wa kimataifa wa usanifu ulioandaliwa na D-Lab, kitengo cha MIT kilichoanzishwa na Amy Smith kwa imani kwamba watu wenye shida ndio wanaopaswa kusanifu suluhisho lake. Kiwia alikuwa na cheni, spoku na mota ndogo zilizochomolewa kwenye redio mbovu. Kwa vitu hivyo alitengeneza chaja ya simu inayoendeshwa na gurudumu la baiskeli, wakati ambapo simu zilikuwa zimeshafika vijijini kabla ya umeme.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, na magazeti yetu yangeridhika. Tunampenda sana mgunduzi wa peke yake. Tuliwapenda Mzee Pwagu na mwenzake, wazee wa Njombe waliozalisha umeme wa maji kwa akili zao hadi Rais John Magufuli akawaita Ikulu. Walistahili heshima hiyo. Lakini mgunduzi wa peke yake ana udhaifu mmoja: akiugua, ujuzi unaugua naye.

Kiwia alichukua njia nyingine. Alishiriki kuanzisha karakana ya jamii mjini Arusha, ambayo leo inajulikana kwa jina la Twende, ambako mkulima, mwanafunzi au fundi anaweza kuingia na tatizo lake, akafundishwa kushika zana, akajaribu. Mafunzo ya mtindo huu, yaliyokuzwa na D-Lab kaskazini mwa Uganda, huanza na kitu kimoja rahisi: mshiriki anapewa kipande cha bati, mkasi na nyundo, anatengeneza kifaa cha mkononi cha kupukuchulia mahindi. Baada ya saa chache anakwenda nacho nyumbani. Kifaa chenyewe ni kidogo. Faida yake kubwa ni kwamba mtu ambaye maisha yake yote alikuwa mteja wa vifaa ametoka humo akiwa mtengenezaji, na kifaa kikivunjika hamtafuti mtu.

Miji mikubwa nayo ilipata vituo vyake. iHub ilifunguliwa Nairobi mwaka 2010. Dar es Salaam ilipata Buni Hub katika jengo la tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, Kijitonyama, mwaka 2011, kwa mradi ulioungwa mkono na Finland. Mombasa ina Swahilipot, jirani na Fort Jesus. Vituo hivi vimezaa kampuni na programu nyingi za simu, ila vilijengwa juu ya intaneti ya kasi na kompyuta mpakato. Nyabibuye ina mahitaji mengine: mahali pa kushika chuma, mbao, kitambaa na waya kwa pamoja.

Kambini wanajua

Mfano wa karibu zaidi kwa maisha ya Kigoma unatoka ng'ambo, Rhino Camp, kaskazini magharibi mwa Uganda, makazi ya wakimbizi wa Sudan Kusini. Huko kikundi cha vijana wakimbizi kiitwacho CTEN kimekuwa kikiendesha siku za matengenezo. Mtu analeta simu, redio au taa ya sola iliyokufa, anaketi karibu na anayeifungua, anaona kilichomo. Hapewi risiti arudi kesho. Anashika taa, anashika waya, anauliza. Kifaa kikipona anaondoka nacho pamoja na fununu ya namna kinavyofanya kazi. Kisipopona, vipuri vyake vinaingia kwenye kopo la kuokolea wengine.

Kigoma inalijua vizuri jambo la kambi. Nyarugusu, wilayani Kasulu, imepokea Wakongo tangu miaka ya 1990. Nduta ya Kibondo na Mtendeli ya Kakonko ziliwapokea Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka 2015, kabla Mtendeli haijafungwa. Anayeishi kambini hana duka la vipuri. Anajifunza kwamba taa ya sola iliyokufa ina vitu vitatu tu vya kupima, yaani paneli, betri na ubao wa katikati, na kwamba taa mbili mbovu huweza kuzaa nzima moja. Wanakijiji wa Nyabibuye nao wanaijua hesabu hiyo. Kinachokosekana ni mita moja ya kupimia na mtu wa kuwaonyesha inavyosomwa.

Sanduku la kuyeyushia nta

Ili tusibaki kwenye maneno matupu, tuchukue kazi moja inayowezekana kabisa katika kata hii.

Wafugaji nyuki wa Kibondo na Kakonko wanakamua asali na mara nyingi masega yanayobaki hutupwa au huchemshwa kwenye sufuria juu ya kuni. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi, joto ambalo jua la nyanda za juu linaweza kulifikisha ndani ya sanduku lililotengenezwa vizuri. Unahitaji sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeusi ndani, kioo juu yake, bati lililoinama, wavu na chombo cha kupokelea. Masega yanawekwa juu ya bati, jua linapiga, nta inayeyuka na kutiririka kupitia wavu, uchafu unabaki nyuma. Kuni hazihitajiki, na nta haiungui.

Mrina asali anajua masega lakini hana randa. Seremala anaweza kuunga sanduku lisilovuja hewa, lakini hajui bati liiname kiasi gani ili nta isigande njiani. Fundi bati anajua kulikunja, ila atalikunja vibaya asipoambiwa nta inatakiwa kushuka upande gani. Kijana wa simu, aliyedhani hahusiki, anaweza kuunganisha kipima joto kidogo cha kielektroniki na kuonyesha kwamba sanduku linaishia nyuzijoto 55 kwa sababu kioo hakikukaa sawasawa. Hapo seremala atakasirika kidogo, maana kazi yake imekosolewa na mtoto. Halafu atachukua patasi.

Ugomvi huo mdogo una kazi yake. Mtu akitengeneza peke yake hakosolewi, na asiyekosolewa hurudia kosa lilelile miaka kumi akiliita uzoefu. Karakana ya pamoja humweka seremala mbele ya watu wanaojua wasichokijua yeye. Ndiyo maana karakana ya namna hii inahitaji sheria ya adabu iliyo wazi: kosoa sanduku, usimvunjie heshima aliyelitengeneza. Mzee anaitwa mzee hata kioo chake kikiwa kimepinda.

Siri ya fundi

Sasa tuje kwenye kikwazo ambacho wafadhili hawakiandiki kwenye maandiko yao ya miradi. Kwetu ujuzi wa fundi ni mtaji wake. Kijana anayejifunza ufundi hukaa na fundi wake muda mrefu akifagia, akitumwa chai na kushika taa, kabla hajaonyeshwa kazi yenyewe, na mara nyingine haonyeshwi hadi anaibia kwa macho. Fundi hafanyi hivyo kwa roho mbaya. Akimfundisha kijana leo, kesho kijana atafungua banda upande wa pili wa barabara na kutoza bei ndogo. Kumwambia fundi huyo alete siri yake mezani bure ni kumwomba atoe unga wa watoto wake.

Kwa hiyo karakana ya wote lazima impe kitu ambacho hawezi kukipata akiwa peke yake. Cha kwanza ni zana kubwa. Drili ya kusimama, mashine nzuri ya kuchomelea, jiliwa zito na mashine ya hewa ya moto ya kulehemu simu ni vitu ambavyo fundi mmoja wa kata hawezi kuvinunua kwa kazi za shilingi elfu mbilimbili, lakini watu kumi na watano wanaweza. Cha pili ni kazi kubwa. Shule ikihitaji madawati 60, seremala mmoja hawezi kuyamaliza kwa wakati. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza, na sheria za ununuzi wa umma zimetenga sehemu ya kazi kwa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Cha tatu ni vifaa vipya. Inveta, betri za lithiamu na pikipiki za umeme zinakuja, na hakuna fundi wa zamani anayezijua. Kwenye kifaa kipya wote ni wanafunzi, na hakuna siri ya kulinda.

Betri hizo zina hatari zake, na hatari ni sababu nyingine ya kujifunza pamoja. Betri ya lithiamu ya kompyuta ikitobolewa au nyaya zake zikigusana huweza kulipuka moto usiozimika kwa urahisi. Betri za magari zina risasi na tindikali. Kijana anayejifunzia chumbani kwake kwa kutazama video atajua hayo baada ya kuungua. Karakana yenye ndoo za mchanga, miwani ya kazi na mkubwa mmoja wa zamu humfundisha kabla.

Kufuli tatu

Watu wa vijijini wana uzoefu wa kuendesha kitu cha wote bila bosi, tena kitu kigumu kuliko nyundo: fedha. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo mtindo wake shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 na ambavyo kwetu ni jamaa wa VICOBA, vina sanduku lenye kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu tofauti. Sanduku hufunguliwa mbele ya wanachama wote. Hesabu husomwa kwa sauti. Anayechelewa hutozwa faini, na faini hulipwa hata na mwenyekiti.

Hapo kuna katiba nzima ya karakana. Zana kubwa zinakaa kwenye kabati lenye funguo kwa watu zaidi ya mmoja. Daftari la zana linasomwa kila kikao: nani kachukua drili, lini, na imerudi na biti zake zote? Ada inakatwa kiasi ambacho mama mwenye cherehani anaweza kulipa. Kikao kinafuata siku ya gulio au siku nyingine ambayo watu tayari wanakutana, maana Jumanne ya Wajerumani huenda isitufae. Na saa za kazi zisiwe za jioni pekee. Jioni ni saa ya jiko, na karakana inayofunguliwa jioni tu imeshawafungia wanawake nje bila kuandika tangazo. Cherehani, mashine ya kukuna mihogo na kikamulio cha maji ya mihogo viwe ndani tangu siku ya kwanza, ili isije ikaonekana kwamba teknolojia ni waya tu.

Maarifa nayo yanaweza kukaa kabatini. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyoingia sokoni mwaka 2012 na yenye ukubwa wa kiganja, inaweza kubeba kamusi elezo nzima ya Wikipedia ya Kiswahili kwa kutumia programu ya Kiwix, na kuirusha kwa simu za watu waliomo chumbani bila bando. Nusu ya maswali ya kijana wa simu yatapata pa kuanzia hapo. Nusu nyingine yatajibiwa na wazee wenye tupa.

Nani afungue mlango?

Serikali ina mengi yanayoweza kutumika. SIDO imekuwapo tangu mwaka 1973 kwa kazi ya kukuza viwanda vidogo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kuiga shule za wananchi za Sweden, vipo Kasulu na Kibondo, na walimu wake wa useremala na umeme wanaweza kualikwa. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi wa fundi aliyejifunzia mtaani, hivyo muda aliotumia chini ya mwembe unaweza kugeuka cheti. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na karakana iliyosajiliwa kama kikundi inaweza kuomba.

Lakini mkopo ukija kabla ya daftari, utanunua mashine zitakazokaa kwa mtu mmoja. Watu wa Nyabibuye wakitaka karakana, kazi ya kwanza haihitaji senti. Mafundi wa kata wakutane siku ya gulio, kila mmoja ataje zana aliyonayo, zana anayoikosa na kazi aliyoikataa mwezi huu kwa kukosa msaada wa mwenzake. Majina na zana viandikwe. Orodha hiyo itaonyesha nini kinunuliwe kwa pamoja, nani anamhitaji nani, na ni chumba gani kilicho wazi, cha shule, cha ofisi ya kata au cha kanisa, kinachoweza kupokea meza moja imara. Kikundi kikishindwa kuitunza orodha hiyo miezi mitatu, hakiko tayari kukabidhiwa mashine ya kuchomelea. Kikiweza, kiende halmashauri na daftari lake mkononi, kiombe kwa haki.